Mashine ya Chini ya Maji na Safari ya Kupanda Chawia

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda ukasema halituhusu sisi watu wa milimani: kuzamia baharini kwa mtungi wa hewa, na ile mashine mpya inayomvuta mzamiaji chini ya maji.

Kwa nini nizungumze habari za bahari hapa Chawia, mahali pa mahindi, maharagwe na ndizi? Kwa sababu watoto wetu wako pwani. Wako Diani, Watamu, Malindi, Nyali na Shimoni. Wengine ni wapishi, wengine wanaendesha mashua, wengine wamejifunza kuwaongoza wageni chini ya maji. Akina mama kadhaa wamenionyesha video kwenye simu: kijana wa hapa kwetu ameshika mashine mfano wa torchi kubwa yenye vishikio viwili, na mashine inamkokota katikati ya samaki. Mama anauliza, "Muuguzi, hiki kitu hakitamuua mwanangu?"

Jibu langu ni hili. Mashine yenyewe si mchawi. Aliyefundishwa akaitumia kwa utaratibu hufurahi na kurudi salama. Lakini kuna hatari tatu ambazo kila mzazi anapaswa kuzijua, na ya tatu iko huku kwetu, kwenye barabara ya kupanda mlima. Hiyo ndiyo iliyonileta mbele yako leo.

MASHINE HII NI NINI?

Waiite skuta ya majini. Ndani yake mna betri na mota, na nyuma kuna rafadha, yaani kijipanga kinachozunguka kama feni na kusukuma maji. Mzamiaji anashika vishikio, anabonyeza kitufe, anavutwa. Zile za kawaida za wageni huenda mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Unaweza kuuona ni mwendo mdogo, lakini majini ni mwendo mkubwa, maana maji ni mazito na mtu akipiga miguu peke yake huchoka upesi.

Kitu hiki hakikuzaliwa jana. Mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita vikuu vya pili, wanajeshi wa Italia walipanda vyombo vya namna hii, vikubwa zaidi, wakaingia usiku katika bandari ya Alexandria huko Misri na kuharibu meli mbili kubwa za kivita za Uingereza. Na ule mtungi wa hewa wenye kifaa cha kumpa mzamiaji pumzi kwa kadiri anavyovuta ulitengenezwa Ufaransa mwaka 1943 na Jacques Cousteau pamoja na Émile Gagnan. Leo vitu hivi viwili vimekuwa vya burudani, na anayevijaribu anaweza kuwa mwanao siku yake ya mapumziko.

HATARI YA KWANZA: MASIKIO NA MAPAFU

Wewe unayekaa Chawia unalijua jambo hili tayari. Ukishuka kwa matatu mpaka Mwatate, masikio huziba kidogo. Unameza mate, yanafunguka. Hiyo ni hewa inayokuwa nzito kadiri unavyoshuka.

Sasa maji ni mazito kuliko hewa mara nyingi sana. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mkandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Mita 10 chini, mkandamizo ni mara mbili ya juu. Mita 20 ni mara tatu. Kwa hiyo mzamiaji hufundishwa kushuka polepole huku akiyafungua masikio kila mara. Mashine ikimvuta kuelekea chini kabla masikio hayajafunguka, ngoma ya sikio inaweza kupasuka. Mwenye mafua asizamie kabisa, maana njia za masikio zimeziba.

Kupanda nako kuna hatari kubwa zaidi. Umewahi kununua pakiti ya krispi Mombasa ukaileta hapa juu? Ukifika Chawia imevimba kama inataka kupasuka. Hakuna aliyeongeza kitu ndani. Hewa ya nje imepungua uzito, basi ile ya ndani imetanuka. Mapafu ya mzamiaji ni kama pakiti hiyo. Akiyajaza hewa ya mtungi akiwa mita 10 chini, kisha akaziba pumzi na kupanda, hewa ile inataka kuwa mara mbili. Mapafu hayana nafasi hiyo. Yanaweza kuchanika, na hewa ikaingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo. Haya hutokea ndani ya dakika chache baada ya kutoka majini.

Ndiyo maana sheria ya kwanza ya kuzamia kwa mtungi ni kupumua wakati wote na kutoziba pumzi hata mara moja. Mtu mgeni akivutwa na mashine kuelekea juu, akashtuka, jambo la kwanza analofanya ni kuziba pumzi. Kwa hiyo mtu asijaribu skuta siku yake ya kwanza ya kuzamia. Ajifunze kwanza kuzamia bila mashine, apate cheti, azoee, halafu afundishwe mashine na mwalimu aliye naye majini.

HATARI YA PILI: MASHINE INAMDANGANYA MTU

Anayepiga miguu huchoka, na kuchoka kunamwambia, "Basi, rudi." Mwenye skuta hachoki. Anaweza kwenda mbali na wenzake bila kujua. Anaweza kushuka zaidi ya alipokusudia. Shirika la PADI, ambalo hufundisha wazamiaji duniani kote, huwaruhusu wanaojaribu mara ya kwanza kufika mita 12 tu, na wenye cheti cha mwanzo mita 18. Mashine haijui mipaka hiyo. Inakwenda inakoelekezwa.

Halafu betri inaisha. Mtu yuko mbali na mashua, hewa imepungua, na sasa anatakiwa arudi kwa miguu yake. Kwa hiyo mwanao azingatie haya:

- Asiende peke yake. Awe na mwenzake, na wote wawili wawe na mwendo mmoja.
- Ageuke kurudi mapema, betri na hewa zikiwa bado nyingi, ili hata mashine ikizimika afike akipiga miguu.
- Afunge nywele na mikanda yote. Rafadha hukamata nywele, kamba na nguo zinazoning'inia.
- Aachie kitufe mara masikio yakiuma au akiona anapanda haraka. Mashine nzuri husimama kitufe kikiachiwa. Alijaribu hilo juu ya maji kabla ya kuzama.
- Apande polepole, mita 9 kwa dakika au chini ya hapo, kisha apumzike kama dakika 3 akiwa mita 5 kabla ya kutoka. Akipanda asivutwe na mashine.

Kuna pia skuta ndogo zinazouzwa kama vitu vya watoto kuchezea. Mlezi, skuta si jaketi la kuokolea maisha. Humvuta mtoto mbali kuliko anavyoweza kurudi akiogelea. Mtoto asiachiwe nayo isipokuwa mtu mzima yuko majini naye, karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Na kuzamia kwa mtungi baharini si kwa mtoto mdogo. PADI haimpi cheti aliye chini ya miaka 10.

HATARI YA TATU: KUPANDA NYUMBANI

Hapa, mama, naomba uache sufuria kidogo unisikilize.

Hewa tunayovuta, sehemu 78 kati ya 100 ni gesi iitwayo naitrojeni. Hapa juu gesi hiyo haina neno nasi, inaingia na kutoka. Lakini mtu akiwa chini ya maji, mkandamizo huisukuma ikaingia kwa wingi katika damu na nyama za mwili. Kadiri anavyoshuka na kadiri anavyokaa, ndivyo inavyojaa. Akipanda polepole, inatoka kidogo kidogo kwa pumzi. Akipanda haraka, inafanya kama soda iliyotikiswa na kufunguliwa ghafla: inatoa mapovu. Mapovu hayo yakikaa kwenye viungo yanaleta maumivu. Yakikaa kwenye uti wa mgongo yanaweza kumpoozesha mtu. Huu ndio ugonjwa wa wazamiaji.

Mwalimu mmoja wa Uingereza, John Scott Haldane, aliuchunguza ugonjwa huu kwa kutumia mbuzi. Aliwaweka kwenye chumba cha mkandamizo, na waliotolewa haraka walionekana wakiinua mguu kwa maumivu. Mwaka 1908 alitoa jedwali la kuwaonyesha wazamiaji namna ya kupanda kwa vituo. Utaratibu wa leo ulianzia hapo.

Wengi wenu mnakumbuka ajali ya feri ya Likoni ya tarehe 29 Septemba 2019, mama na mtoto wake walipotumbukia baharini ndani ya gari. Walitolewa tarehe 11 Oktoba. Siku zile watu walilia na kuuliza, "Mbona wazamiaji hawashuki tu wakawatoa?" Gari lilikuwa karibu mita 60 chini. Kwenye kina kama hicho mzamiaji anaweza kukaa muda mfupi tu, na kupanda kwake kunachukua muda mrefu kuliko kazi aliyoifuata. Ndivyo ugonjwa huu unavyoogopwa na wanaoujua.

Sasa sikiliza vizuri. Mzamiaji akishatoka majini, naitrojeni haijaisha mwilini. Inaendelea kutoka kwa saa nyingi. Ndiyo sababu wazamiaji hukatazwa kupanda ndege upesi. Mwaka 2002 wataalamu walikubaliana, kupitia shirika la Divers Alert Network la Marekani, kwamba aliyezamia mara moja bila kuhitaji vituo vya lazima asubiri angalau saa 12 kabla ya kuruka, na aliyezamia mara nyingi au siku kadhaa mfululizo asubiri angalau saa 18. Aliyezama kwa kina mpaka akalazimika kufanya vituo, zaidi sana ya hapo.

Lakini mwili haujui ndege na haujui mlima. Unachojua ni kwamba hewa imepungua uzito. Mombasa iko usawa wa bahari. Voi iko karibu mita 600 juu. Kilima chetu cha Chawia, pale karibu na msitu, ni takriban mita 1,500. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu 15 kati ya 100. Ile pakiti ya krispi ilikuonyesha. Mtu anayetoka majini na kupanda Chawia siku ile ile ni kama ameendelea kupanda kutoka chini ya bahari, na sasa hakuna mwalimu anayemwambia asimame.

Tena safari imekuwa nyepesi. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, inasimama Voi. Matatu ya Mwatate ipo, bodaboda ipo. Kijana aliyetoka majini asubuhi Diani anaweza kula chakula cha jioni Chawia.

Na ni nani anayemharakisha? Mara nyingi ni sisi. Kuna msiba, tunampigia simu: "Njoo leo, mazishi ni kesho." Kuna harusi, kuna mgonjwa, kuna Krismasi. Na msimu wa Krismasi ndio wageni ni wengi pwani, kijana amezamia kila siku wiki nzima, mwili umejaa. Halafu mama anasema, "Usilale njiani."

Mama, kabla ya kumwambia mwanao aje, muulize swali moja: "Umetoka majini lini, na saa ngapi?"

Ushauri wangu kwa vijana wa huku ni rahisi kukumbuka: asubiri siku nzima, yaani saa 24, akiwa pwani. Akitoka majini Jumamosi saa tano asubuhi, asianze kupanda mlima kabla ya Jumapili saa tano asubuhi. Asilale Voi akidhani amesubiri, kwa kuwa Voi nayo iko juu. Bora alale pwani. Kama alizama kwa kina na kufanya vituo vya lazima, amuulize mwalimu wake aongeze muda gani. Na akijua ana safari ya nyumbani Ijumaa, aache kuzamia mapema Alhamisi.

Utaniambia, "Muuguzi, wewe hujui matanga yetu?" Nayajua. Najua maneno yanayosemwa juu ya mtoto aliyechelewa kumzika babu yake. Lakini mtoto akichelewa, wazee wanaweza kuelezwa wakaelewa. Akipooza miguu, hakuna maelezo yatakayomsimamisha. Wewe mama ndiwe wa kusema mbele ya jamaa: "Mwanangu alikuwa chini ya bahari jana. Nimemwambia asubiri."

DALILI ZA KUANGALIA

Mara nyingi dalili huanza ndani ya saa chache baada ya kutoka majini, na karibu zote ndani ya siku moja, ingawa kupanda mlima kunaweza kuziamsha baadaye. Angalia haya:

- Maumivu ya mabega, viwiko, magoti au mgongo bila kuumia popote.
- Uchovu mkubwa usio wa kawaida.
- Ngozi kuwasha, au mabaka mekundu na ya zambarau.
- Ganzi, mikono au miguu kuchonyota, miguu kukosa nguvu.
- Kizunguzungu, kutapika, kuona ukungu, kushindwa kutembea sawasawa.
- Kushindwa kukojoa.
- Kifua kuuma, kukohoa, kupumua kwa shida.
- Kuchanganyikiwa au kuzimia.

Tazama orodha hii. Mengi yanafanana na malaria, au uchovu wa safari, au pombe ya jana. Hapo ndipo tunapopotea. Mama anampa Panadol, shangazi anamkanda kwa maji moto, kijana analala, na asubuhi hawezi kusimama. Kijana mwenyewe atasema, "Si kitu, mama." Usimsikilize katika hilo.

UFANYE NINI?

Kwanza, mlaze chali au ubavu, atulie. Asitembetembee, asikandwe, asipewe pombe. Kama yuko macho, hatapiki na anameza vizuri, anywe maji kidogo kidogo.

Pili, tafuta gari umteremshe. Nasema umteremshe. Kutoka Chawia elekea Mwatate, kisha Hospitali ya Rufaa ya Moi pale Voi. Usimpandishe Wesu. Wesu ni hospitali nzuri, lakini iko juu milimani, na mgonjwa huyu anahitaji kwenda chini. Usimbebe kwa bodaboda akiwa dhaifu.

Tatu, ukifika sema neno hili kabla ya lingine lolote: "Alizamia baharini kwa mtungi wa hewa." Taja siku, saa, kina na mara ngapi. Kama ana ile saa ya kompyuta ya mzamiaji, ije nayo, maana inaonyesha yote. Muuguzi au daktari asipoambiwa, atapima malaria na kukurudisha nyumbani.

Nne, omba apewe hewa ya oksijeni. Hiyo ndiyo huduma ya kwanza ya ugonjwa huu. Hata akipata nafuu baada ya oksijeni, bado hajapona. Tiba yenyewe ni kuwekwa katika chumba maalumu cha mkandamizo, na daktari ndiye atakayepanga apelekwe wapi na kwa njia gani.

Tano, piga simu kituo cha kuzamia alikokuwa. Wana wajibu wa kujua chumba hicho kilipo na daktari wa wazamiaji wa kuzungumza naye. Kwa hiyo chukua nambari yao leo, mwanao akiwa mzima, uiandike ukutani. Na asirudishwe majini eti akatibiwe na maji. Wapo wanaofanya hivyo, na wengine hawatoki tena.

WASIOPASWA KUZAMIA

Mama mjamzito asizamie kwa mtungi hata kidogo, hata kama mimba ni changa. Mapovu yanaweza kumdhuru mtoto tumboni, na mtoto hana namna ya kuyatoa kwa pumzi kama mtu mzima. Binti anayedhani huenda ana mimba apime kwanza. Wengine ni wenye kifafa, ugonjwa wa moyo, ugonjwa wa selimundu, pumu isiyotulia, na waliougua kifua kikuu au kupasuliwa kifua. Hao wamwone daktari kabla ya yote, na wamwambie ukweli. Kijana asifiche pumu yake kwa kuogopa kukosa kazi.

Mama msikilizaji, kazi ya pwani ni riziki, na sisi hatuwakatazi watoto wetu bahari. Tunachotaka ni warudi nyumbani wakitembea kwa miguu yao. Jioni ya leo mpigie simu mwanao. Msalimie, muulize kazi. Kisha mwambie maneno matatu: apumue wakati wote, apande polepole, na asubiri siku nzima kabla ya kupanda Chawia. Kama una swali, nione kituoni siku ya kliniki, au mwulize mhudumu wa afya wa kijiji chako.

Kwa leo tuishie hapo.